Siku Wanaume wa Hesselden Walipokuwa Wakivuna Shayiri

Ukimuuliza Orabel binti Hamo ana umri gani, hakuwa mtu wa kukuhesabia miaka. Alikuwa anasema, "Nilizaliwa siku tuliyopigwa," kisha anakutazama usoni aone kama una neno. Jibu hilo alilitoa mbele ya watoza kodi, mbele ya mjumbe wa askofu, na mbele ya mume wake siku ya kwanza walipokutana, masikini, naye akabaki ameshika kofia. Lakini ilipita miaka kumi na sita ambayo hakuna mtu Hesselden aliyethubutu kulitaja jambo hilo hata chini ya blanketi lake mwenyewe, na huko ndiko ninakotaka kuanzia.

Baba yake, Bwana Hamo, alikuwa askari wa farasi, mtu wa cheo na upanga uliobarikiwa kanisani. Usije ukamfikiria mtu wa ngome na minara. Alikuwa na nyumba moja ya mawe inayovuja, kinu kimoja cha maji, msitu mdogo wa mialoni na farasi mmoja mzee mwenye tabia mbaya. Wakubwa walipomwasi mfalme, Bwana Hamo alijiunga na waasi, kwa sababu maofisa wa mfalme walikuwa wamemchosha kwa dhuluma, na kwa sababu, tuseme ukweli, shingo yake ilikuwa ngumu. Wanaume tisa wa kijiji wakaenda naye, wenye mikuki na wenye mashoka ya kuni.

Siku ya tatu baada ya sikukuu ya mkate wa kwanza wa mavuno, jeshi lao lilibanwa kwenye kona ya mto pale Evesham. Radi ilipiga, mchana ukawa giza, na humo gizani waasi wakachinjwa. Wingu hilohilo likafika Hesselden, mwendo wa nusu siku, na chini yake Orabel akazaliwa mikononi mwa mkunga Thephania. Mama yake hakumaliza wiki.

Kati ya wale tisa walirudi sita. Wymond mhunzi alifika siku ya tatu akiburuta mguu uliopasuliwa kwa upanga, na mdogo wake Edmer, kijana wa miaka kumi na tisa, hakuwa naye. Wakaketi wote sita katika karakana ya Wymond wakapanga la kusema, maana tayari habari zilikuwa zimewafikia za vijiji vingine, ambako watu walikuwa wakining'inizwa kwenye miti. Mwezi haujaisha, watu wa mfalme wakaja kuuliza nani alikwenda vitani. Wanaume wote wa Hesselden wakaweka mkono juu ya mfupa wa mtakatifu wakaapa kwamba siku ile walikuwa wakivuna shayiri, wala habari ya vita hawakuisikia mpaka walipoletewa na hao hao waliokuja kuwauliza. Na wale watatu wasiokuwepo? Wamekwenda kusini kutafuta kazi. Kuhusu Edmer wakatia chumvi zaidi: wakasema aligombana na mama yake akamtoroka. Mama mtu akakubali kusemwa hivyo, ili awaokoe waliobaki. Jina la mwanawe halikuweza kusomwa katika misa ya wafu, kwa kuwa aliyetoroka hajafa, na yule mama alikwenda kaburini bila kulisikia likisomwa.

Bwana Hamo mwenyewe hakuwa na pa kujificha, kwani kila mtu alimwona kule vitani. Alikaa mabwawani miaka miwili akila mikunga, wale samaki kama nyoka. Mfalme alipotangaza kwamba waasi wataruhusiwa kuzikomboa ardhi zao, akalipa mpaka nyumbani hakukubaki kijiko. Akaipata tena Hesselden, lakini kikohozi cha mabwawani kilikuwa kimeshamwingia. Orabel alikuwa na miaka sita alipomzika.

Sasa mrithi akiwa mtoto, ardhi yake na yeye mwenyewe hutiwa mikononi mwa mlezi mpaka akue. Mlezi aliyewekwa ni Bwana Drogo, jirani wa ng'ambo ya kijito, aliyepigana upande wa mfalme na kunenepa kwa vita hivyo. Nasema bila kung'ata maneno: yule alikuwa mwizi. Ndani ya miaka kumi mialoni yote ilikatwa, kinu kikaoza gurudumu, na mlezi akajenga ghala jipya kwake. Orabel alikulia katika jumba lake akila mwishoni mwa meza, akiyaona magogo ya baba yake yakipita dirishani, na kila gogo alilitia moyoni.

Alipoikaribia miaka kumi na sita, umri ambao msichana mrithi hutoka chini ya mlezi, Bwana Drogo akamwita sebuleni. Pembeni yake alikaa Ivo, mpwa wake, mtu wa miaka arobaini aliyekwisha kuzika wake wawili na ambaye mbwa wa nyumba ile wakimwona walikuwa wanaingia chini ya meza.

"Binti, huyu ndiye mume wako," Drogo akasema. "Mtafunga ndoa siku ya Mtakatifu Martini."

"Siku hiyo nitakuwa na miaka kumi na sita, Bwana Drogo. Utakuwa huna tena mamlaka ya kuniozesha."

"Utakuwa na kumi na mitano."

"Kumi na sita!"

"Nani kakuambia?"

"Thephania. Yeye ndiye aliyenipokea nikizaliwa."

"Mkunga!" Drogo akacheka. "Mwanamke haapi katika mambo ya ardhi. Na kitabu cha misa ambamo padri wa zamani aliandika kuzaliwa kwako, ukurasa wenyewe haupo. Panya hao, unajua tena. Wewe ulizaliwa mavuno ya mwaka wa pili, baba yako alipokuwa anatoka mabwawani kwa siri kuja kumwona mkewe. Unabisha? Niletee wanaume kumi na wawili waape vinginevyo."

"Nitakuletea."

"Kutoka Hesselden?" Akaweka kikombe chini kwa kicheko. "Mama wee! Watakuambia walikuwa wakivuna shayiri."

Ivo naye akacheka, ingawa sidhani kama alielewa.

Hiyo ndiyo desturi yetu. Mrithi akidai amekua, ofisa wa mfalme hukaa kanisani alikobatizwa, na wanaume kumi na wawili wa mahali pale huapa umri wake. Haitoshi kusema "najua." Kila mmoja lazima aeleze kwa nini anaikumbuka siku ile. Huyu ghala lake liliungua, yule alimzika babake. Orabel alikuwa na haki ya kuomba kikao hicho, akakiomba, na kikapangwa mwishoni mwa mwezi wa tisa. Akitambuliwa kuwa na miaka kumi na sita, nyumba na kinu na nafsi yake ni vyake. Asipotambuliwa, ni Ivo.

Mchana wa kuamkia kikao alikwenda kijijini na Thephania, wakaingia moja kwa moja karakanani. Wymond alikuwa anapiga jembe.

"Bibi mdogo," akaamkia, nyundo haikusimama.

"Kesho unaapa, Wymond. Umeitwa."

"Nimeitwa, na nitakuja. Nitasema nakumbuka ulizaliwa wakati wa mavuno."

"Mavuno ya mwaka gani?"

"Mavuno."

"Wymond!"

"Bibi mdogo, mimi nilikuwa navuna shayiri."

Thephania, ambaye alikuwa na umri wa kumzaa mhunzi yule na ulimi wa kumchapa, akajishika kiuno. "Shayiri! Mguu wako ulikatwa na shayiri? Uzi niliofungia kitovu cha mtoto huyu, uliobaki ndio niliokushonea wewe. Ulilia mpaka ng'ombe wakakuitikia. Leo unaniambia mimi shayiri?"

"Farasi alinipiga teke."

"Ala! Farasi gani huyo mwenye kwato yenye makali?"

Nyundo ikasimama. Wymond akatazama mlangoni kabla ya kusema, na aliposema sauti ilikuwa ya chini. "Mama Thephania, niliweka mkono juu ya mfupa wa mtakatifu. Wote tuliweka. Nikisema nilikuwa kule, mimi ni mwasi na mwapa uongo, na wenzangu pia. Nina watoto wanne. Ya kale yamelala, mnataka kuyaamsha kwa ajili ya nini?"

Orabel alikuwa amejiandaa kuomba. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, "tafadhali" na "kwa roho ya baba yangu." Alipofungua mdomo yakatoka mengine.

"Sikuja kukubembeleza. Nimekuja ujue nitakachofanya. Kesho nikishindwa, wataniburuta mpaka mlango wa kanisa lenu, padri ataniuliza kama namtaka Ivo, na mimi nitasema hapana. Watanipiga. Nitasema hapana tena. Ninachotaka kwako, Wymond, siku hiyo uwepo pale uone. Usiwe shambani unavuna."

Akatoka. Nje akaketi kwenye ukingo wa birika la farasi, kwa sababu alikuwa anaogopa sana, na kipigo alikijua, kile cha nyumba ya Drogo hakikuwa cha hadithi.

"Umemchoma," Thephania akasema.

"Sikutaka kumchoma. Nilitaka akubali."

"Basi hapo ulikosea mlango, mwanangu. Wymond haombeki."

Asubuhi kanisa lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya kisima cha ubatizo. Ofisa wa mfalme alikuwa mtu mwembamba mwenye mafua, na karani wake aliandika huku akijikuna. Bwana Drogo alikaa mbele na Ivo. Orabel alisimama pembeni, maana mwenye shauri haruhusiwi kusema mpaka aulizwe.

Akaanza Osbern, mkulima wa plau. "Naikumbuka siku aliyozaliwa huyu bibi mdogo, kwa sababu nilianguka kutoka paa la ghala nikavunjika mkono."

"Mwaka gani?" ofisa akauliza.

"Mwaka niliovunjika mkono, bwana."

Watu wakacheka. Ofisa akapenga kamasi, hakucheka. Akafuata Gocelin mchungaji, yeye alikumbuka kwa sababu ya radi kubwa iliyoua kondoo wake wawili.

"Kila mavuno yana radi," Drogo akadakia. "Radi ya mwaka wa vita, au ya mwaka uliofuata?"

Gocelin akaangalia miguu yake. Wakaja wa tatu, wa nne na wengine baada yao. Mmoja ng'ombe alizaa mapacha, mmoja alioa, mmoja aliibiwa bata bukini akasahihishwa na mkewe kutoka nyuma kwamba alikuwa bata wa kawaida. Kila mmoja alikuwa na siku, hakuna aliyekuwa na mwaka. Kila mara Drogo aliuliza swali lilelile, na kila mara shahidi alirudi alikotoka. Orabel akamwona karani anafuta kalamu kama mtu anayemaliza kazi.

Akaitwa Wymond. Akaja mbele akichechemea, akaapa.

"Bibi Orabel alizaliwa mavuno," akasema.

"Yapi?" ofisa akauliza kwa uchovu.

Wymond alimtazama Orabel. Orabel hakumfanyia ishara yoyote. Alisimama wima na kidevu juu, na machozi yalikuwa yanamtoka wala hakuyapangusa.

Hapo Bwana Drogo angenyamaza tu, angeshinda. Lakini mtu akizoea kushinda hupenda na kuchezea. "Bwana ofisa, usimsumbue mhunzi," akasema. "Hawa watu hawajui vita vilipiganwa lini. Iliandikwa, mimi mwenyewe nilikuwepo, wote walikuwa wakivuna shayiri. Au labda tumuulize ndugu yake, yule Edmer aliyemtoroka mama yake mzazi, popote alipo na malaya wake."

Kanisa zima likavuta pumzi. Thephania akasema, "Lo!"

Wymond hakupandisha sauti. Aliinama, akafungua kamba za soksi yake, akaishusha mpaka kifundoni, akaweka mguu juu ya benchi mbele ya karani. Kovu lilianzia gotini likashuka kwa upana wa vidole vitatu.

"Andika," akasema. "Huu ni upanga wa Evesham. Nilikuwa kule. Ndugu yangu Edmer alikuwa kule. Hakumtoroka mama yetu. Aliuawa kando ya mto Jumanne mchana, giza lilipoingia, nikamzika kwa mikono hii kwa sababu sikuwa na jembe, mimi mhunzi. Siku ya tatu nikafika hapa, na Mama Thephania akanishona mguu kwa uzi uliobaki kwenye kitovu cha mtoto huyu. Nikamuuliza mtoto kazaliwa lini. Akaniambia, Jumanne, mchana, giza lilipoingia. Saa ileile, bwana! Sasa niulize kama naikumbuka siku hiyo. Niulize mwaka!"

Karani alikuwa ameacha kujikuna.

"Unaelewa unachokiri?" ofisa akauliza.

"Naelewa. Na jina usilikosee. Edmer."

Osbern akasukuma watu akaja mbele. "Niandike na mimi. Mkono wangu haukuvunjika ghalani, ulivunjwa na rungu."

"Ulisema paa!" Drogo akapiga kelele.

"Nilisema paa, sasa nasema rungu. Nilimwacha Alured, mume wa dada yangu, majini."

"Na mimi," Gocelin akasema. "Niandike. Kondoo ni kweli walikufa, lakini mimi nilisimuliwa, sikuwepo. Nilikuwa nimembeba Hudd, akanifia mgongoni."

Hao watatu ndio waliokuwa hai kati ya wale sita. Lakini mwenye ng'ombe naye akasimama, na mwenye bata, wakasema hawakwenda vitani ila waliwaona wenzao wakirudi, wakajua, wakaapa uongo pamoja nao. Kila mmoja akataka jina lake liandikwe upya, na karani akaomba wangojane. Nyuma kabisa dada wa Osbern, aliyekuwa mjane kwa miaka kumi na sita huku akijiita mke wa mtu aliyesafiri, alilia kwa sauti. Ilikuwa mara ya kwanza kuruhusiwa.

Drogo akasimama, uso umemwiva. "Wamekiri uasi! Wamekiri kiapo cha uongo! Mbele yako!"

Ofisa akatafuta kitambaa chake. "Uasi wa vita vile mfalme aliusamehe zamani, Bwana Drogo. Kiapo cha uongo ni shauri la askofu, nitamwandikia. Mimi nilitumwa kuuliza umri wa msichana." Akapenga kamasi. "Ana miaka kumi na sita. Bibi Orabel, nyumba yako unaipokea?"

"Naipokea," Orabel akasema, "na ukurasa wa kitabu cha misa naudai. Na mialoni yangu pia."

Mialoni hakurudishiwa, nisikudanganye. Lakini Ivo hakumwona tena, na ghala la Drogo alilitazama kwa jicho ambalo lilimfanya yule bwana ajenge ukuta.

Adhabu ya askofu ilifika katikati ya Oktoba. Wote walioapa uongo walizunguke kanisa Jumapili tatu, miguu mitupu, wamevaa mashati tu, kila mmoja na mshumaa, vichwa chini, watu wakiwatazama na kuwazomea. Matope ya Oktoba kwetu ni baridi kuliko unavyodhani. Wazee wale wakajitokeza Jumapili ya kwanza wakitetemeka. Orabel akaja, akaketi kwenye ngazi ya kanisa, akavua viatu.

"Bibi, wewe hukuhukumiwa," mjumbe wa askofu akamwambia.

"Wao wamevua kwa ajili yangu," akasema, na akaingia mstarini nyuma ya Wymond.

Thephania akavua vya kwake huku akilalamikia mgongo. Akaja mjane wa Alured, wakaja watoto wanne wa Wymond, na kabla mzunguko wa kwanza haujaisha hakukubaki mtu wa kuzomea. Wymond aliongoza akichechemea, na kila alipofika mlangoni aliita kwa nguvu: Edmer, Alured, Hudd. Kijiji kizima kilirudia. Mjumbe akamkimbilia akamwambia hii ni toba, wenye dhambi huinamisha kichwa.

"Ningeinama, baba," Wymond akamjibu, "ila mguu huu farasi aliupiga teke, nikiinama naanguka."

Jumapili tatu zikaisha. Mwaka uliofuata, siku ya tatu baada ya mkate wa kwanza, hakuna askofu aliyewaagiza kitu, wakazunguka tena. Orabel alitangulia, kinu chake kikiwa kimesimamishwa kwa siku hiyo, na ndivyo alivyofanya kila mwaka mpaka alipobebwa mwenyewe kupitishwa mlango ule. Sisi bado tunakwenda. Siku hiyo shayiri inaweza kuwa imekauka mpaka inajimwaga yenyewe shambani, na mvua inaonekana inakuja, na wa vijiji jirani wanatuita wavivu. Hesselden hakuna anayeshika mundu.